Hugh Tracey na Uma Zake 54

 Ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri huwapenda sana mashujaa wa uhuru, wanariadha na waandishi wa vitabu. Mimi leo nimemchagua mtu ambaye huenda hujawahi kumsikia, ingawa wanaosoma mambo ya muziki wa Afrika wanamjua kila pembe ya dunia. Naye ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka bara letu na gari la kurekodi nyimbo pamoja na seti ya uma. Si uma za kulia chakula. Ni uma sauti, vile vyuma vya meno mawili ambavyo sisi hugonga kwenye maabara vikalia.

Kabla sijaingia katika maisha yake, hebu nikueleze kwa nini nimemchagua. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, nami ninalo kovu langu.

Nilipokuwa kidato cha pili, kwaya yetu ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha la muziki na ilitaka wimbo wa kiasili wa Wakipsigis. Nilijitolea kumleta kugo, yaani babu mzaa baba, kutoka upande wa Kericho, aje na chepkong yake, kile kinubi chetu cha nyuzi sita. Alipanda matatu alfajiri, kinubi kikiwa ndani ya gunia, akafika hapa Nakuru kabla ya kengele ya saa nne. Alipoanza kupiga, kinanda cha umeme nacho kikapigwa ili kumfuata. Lo! Sauti hizo mbili zilipokutana zilitetemeka, wou-wou-wou, kama mtu anayeimba huku akitikiswa mabega. Wote wakakubaliana kwamba kinubi kimeharibika. Nami kwa kuona haya mbele ya wenzangu, nilikichukua mikononi mwa kugo nikaanza kuzikaza nyuzi moja moja ili zifuate kinanda. Uzi wa tatu ukakatika. Kugo alijaribu kuimba kwa nyuzi zilizobaki lakini wimbo ulimkataa kooni. Hakugomba. Alikirudisha kinubi kwenye gunia, akaniaga kwa upole, akaelekea stegi. Tulienda kwenye tamasha na kinanda peke yake.

Kwa mwaka mzima niliamini kwamba masikio ya kugo yamezeeka. Halafu tukafika kwenye mada ya mawimbi ya sauti katika Fizikia, na mwalimu wetu akatusimulia habari za huyu Tracey. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Hugh Travers Tracey alizaliwa tarehe 29 Januari 1903 katika kijiji cha Willand, jimbo la Devon, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa bado hajafikisha miaka ishirini, alisafiri hadi Rhodesia ya Kusini, ambayo siku hizi ni Zimbabwe. Alikwenda kumsaidia kaka yake Leonard katika shamba la tumbaku karibu na Gutu. Hakuwa profesa wala mwanamuziki mwenye jina. Alikuwa kijana wa shamba tu.

Lakini vibarua wa shamba lile walikuwa Wakaranga, tawi la Washona, na walifanya kazi huku wakiimba. Tracey alijifunza lugha yao, kisha akajifunza nyimbo zao kwa kuimba pamoja nao mle mle kwenye tumbaku. Wakati huo wakoloni wengi waliziona nyimbo za Waafrika kuwa kelele zisizo na maana. Yeye aliziona kuwa kazi ya watu wenye akili. Mwaka 1929 aliwachukua vijana 14 wa Kikaranga akaenda nao Johannesburg, ambako kampuni ya Columbia ilikuwa imeleta mitambo ya kurekodi. Nyimbo zao zikatiwa kwenye santuri, nazo zikawa miongoni mwa nyimbo za kwanza kabisa za nchi ile kuuzwa hivyo.

Katika miaka ya 1930 alipata msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani ili aendelee na utafiti. Alipowafikia watunzi wakubwa wa Uingereza, Ralph Vaughan Williams na Gustav Holst, walimtia moyo asiache. Akaingia kazi ya redio huko Afrika Kusini, akakaa miaka mingi katika stesheni ya Durban hadi mwaka 1947. Baada ya hapo aliiacha redio akajitoa mzima mzima kukusanya muziki. Mwaka 1948 kilitoka kitabu chake juu ya Wachopi wa Msumbiji, wapigaji hodari wa marimba ziitwazo timbila. Mwaka 1954 alianzisha huko Roodepoort, karibu na Johannesburg, maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ambayo hujulikana kwa kifupi kama ILAM.

Sasa turudi kwenye zile uma. Tracey hakutaka kurekodi nyimbo tu. Alitaka kujua kila ala imepangwa vipi, uzi kwa uzi na ubao kwa ubao. Alipima kwa seti ya uma 54. Wa kwanza ulitikisika mara 212 kwa sekunde, wa pili mara 216, wa tatu mara 220, hivyo hivyo kwa kuongeza 4 mpaka wa mwisho wenye 424. Hesabu mwenyewe utaona: ni hatua 53, kwa hiyo uma 54. Tena 424 ni 212 mara mbili, yaani oktava moja kamili.

Huenda unauliza, kwa nini ziachane kwa 4 tu? Hapa ndipo Fizikia inapoingia, wala usikimbie, si ngumu.

Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Uma wenye namba 256 husukuma na kuvuta hewa mara 256 kila sekunde. Tulipokuwa maabara tuligonga uma mbili za 256 pamoja, tukasikia sauti moja tulivu. Kisha mwalimu akabandika plastisini kidogo kwenye jino la mmoja. Ukawa mzito, ukawa unatikisika polepole zaidi kidogo, tuseme mara 252. Tulipozigonga tena, masikio yetu yalipata wou, wou, wou, wou. Nilishtuka. Ilikuwa ni ile ile sauti ya siku ya kugo!

Mambo huwa hivi. Mwanzoni mawimbi mawili yanakwenda sako kwa bako, yanaisukuma hewa kwa wakati mmoja, na sauti inakuwa kubwa. Lakini huyu wa 252 anachelewa kidogo kidogo. Ikipita sehemu moja ya nane ya sekunde, tayari amebaki nyuma kwa nusu wimbi. Sasa mmoja anasukuma hewa huku mwenzake anaivuta, wanabatilishana, na sauti inafifia. Ikitimia robo sekunde, aliyechelewa amebaki nyuma kwa wimbi zima, kwa hiyo wanakutana tena wakiwa sawa na sauti inapanda. Kila kupanda huko huitwa pigo. Katika sekunde moja kuna mapigo 4, maana 256 ukitoa 252 unabaki na 4. Ukitaka kuyaona mapigo kwa macho, simama stegi jioni utazame taa za indiketa za matatu mbili zilizokwama kwenye msongamano. Zitawaka pamoja, zitaachana hadi moja iwake mwenzake akizima, kisha zitarudi kuwaka pamoja.

Ujanja wa kupima kwa mapigo si wa jana. Mwaka 1834 Mjerumani Johann Heinrich Scheibler, ambaye kazi yake ilikuwa biashara ya hariri katika mji wa Krefeld, alitangaza seti yake ya uma zaidi ya 50 zilizoachana kwa 4. Mtu mwenye seti kama hiyo hahitaji mashine. Anahitaji masikio na saa. Tuseme uzi wa kinubi unatoa mapigo 3 kwa sekunde pamoja na uma wa 252, kisha unatoa pigo 1 pamoja na uma wa 256. Basi uzi huo uko kati yao, kwenye 255. Ukitumia uma mmoja tu utapata tofauti, lakini hutajua kama uzi uko juu au uko chini. Ndiyo maana uma zinakuwa nyingi na zinakaribiana.

Mbona asitumie piano? Kwa sababu piano ina ngazi zake 12 katika oktava, nazo zimefungwa. Karibu na 255 piano ya kawaida ina noti ya 247 hivi na nyingine ya 262 hivi. Uzi wa 255 ukiuleta mbele ya piano, utaambiwa umepotoka. Ukiuleta mbele ya uma za Tracey, utaambiwa tu kwamba wewe ni 255. Hakuna hukumu. Kwa njia hiyo Tracey aliona kwamba timbila za Wachopi hazikupangwa ovyo ovyo. Wale mafundi waliigawa oktava kwa hatua saba zinazokaribia kulingana kabisa. Hizo si hatua za piano, lakini ni utaratibu kamili, wenye fundi na wenye urithi.

Mpenzi msomaji, hapa naomba usimame kidogo pamoja nami. Mapigo hayasemi nani mbovu. Yanasema tu kwamba wawili hawa hawalingani. 256 kutoa 252 ni 4, na kama ungeanza na huyo wa 252, umbali ungekuwa 4 vile vile. Kinanda chetu kilitofautiana na kinubi cha kugo kiasi kile kile ambacho kinubi kilitofautiana na kinanda. Sisi ndio tuliochagua upande.

Turejee kwa Tracey. Mwaka 1950 safari zake zilimfikisha kwetu Bonde la Ufa. Katika Kapkatet, ndani ya eneo la Kericho, aliwarekodi Wakipsigis. Alikuwa na desturi ya kushika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza mara kwa mwimbaji mara kwa ala, kama mtu anayechota maji kwa kata asimwage hata tone. Huko Kapkatet alikutana na jina ambalo hakulitarajia, Chemirocha. Alirekodi zaidi ya wimbo mmoja wenye jina hilo, na uliopata sifa duniani uliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, kinubi kikiwasindikiza.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa gitaa kutoka Mississippi, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1897. Santuri zake zilikuwa zimefika vijijini, watu wakazisikia kwenye gramafoni, na jina lake likageuzwa na ulimi wa Kikipsigis likafanana na majina yetu yanayoanza kwa Che. Wale wasichana walimdhania kuwa kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamwalika katika wimbo aje acheze kwa kuruka. Maskini, hawakujua kwamba Rodgers alikuwa amekufa kwa kifua kikuu tangu mwaka 1933. Mimi hunifurahisha jambo moja. Waliuchukua uvumi wa mgeni wakauweka juu ya nyuzi zao bila kuzikaza nyuzi hizo zimfuate mgeni.

Kapkatet ilikuwa kituo kimoja tu. Tracey alirekodi pia Zanzibar, Rwanda na Uganda. Kule Uganda aliwarekodi wapigaji wa kasri la Kabaka, Mengo. Mwaka 1966 kasri hilo lilishambuliwa na jeshi la serikali, ala za kifalme zikaharibiwa na wapigaji wakatawanyika, kwa hiyo kanda zile zikawa hazina kubwa. Mwaka 1952 alipita Kongo, katika mji ambao leo ni Likasi, akamrekodi kijana mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco na wimbo wake Masanga. Mwishowe alitoa mfululizo wa santuri 210 uitwao Sound of Africa.

Hata hivyo, hakuna mtu asiye na doa, na sitaki umwone malaika. Tracey alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni. Aliweza kuendesha gari kutoka nchi moja hadi nyingine kurekodi apendavyo, na waliorekodiwa hawakuwa na uwezo kama huo. Alipenda muziki wa zamani akihofia gitaa na nyimbo za misheni zitauharibu, ilhali Chemirocha yenyewe ilitokana na santuri ya Mmarekani. La kushangaza zaidi ni kalimba. Katika miaka ya 1950 alianzisha karakana ya kutengeneza kalimba za kuuza ng'ambo, akiiga ala za vidole za kusini mwa Afrika. Kalimba hizo alizipanga kwa ngazi ya Kizungu ili mnunuzi aweze kupiga pamoja na piano. Yaani hata yeye mwenye uma 54, aliyejua ukweli kuliko wote, alifika mahali akazikaza nyuzi zifuate kinanda. Niliposikia hayo sikumcheka. Nilijiona mimi.

Hugh Tracey alifariki mwezi wa Oktoba 1977 akiwa na miaka 74. Mwaka uliofuata mwanawe Andrew, naye mwanamuziki, aliihamishia ILAM kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ulioitwa Grahamstown wakati huo, ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda. Nyimbo za Kapkatet zilikaa kule kusini, mbali na waliozizaa. Mwaka 2014 ILAM ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilizirudisha. Nakala zililetwa Kapkatet kwa waliokuwa bado hai na kwa jamaa za waliotangulia. Miaka 64 ilikuwa imepita. Deni hilo lilichelewa, lakini lilipolipwa lilikuta bado kuna masikio ya kulipokea.

Nami nilikuwa na deni langu. Likizo ya Agosti nilimwomba mwalimu wa Fizikia uma mmoja wa 256 na kipande cha plastisini, nikaandika jina kwenye daftari la maabara, nikapanda matatu kwenda kwa kugo. Nilimkuta amekwisha kuutia kinubi uzi mpya. Nilimsalimu, nikamweleza ninachotaka, naye akautazama ule uma kwa macho ya mtu anayetazama jembe lisilo na mpini.

Nilitafuta uzi unaokaribia uma, nikaugonga uma kwa kisigino cha mkono na kuusimamisha mguu wake juu ya ngozi ya kinubi, huku kugo akiupiga uzi tena na tena kwa kuwa sauti yake huzimika upesi. Katika sekunde mbili nilihesabu mapigo 7. Nilibandika plastisini ili kuushusha uma, mapigo yakaenda mbio zaidi, nikajua kwamba uzi uko juu ya uma. Karibu 259 na nusu. Niliitoa plastisini, kisha nikamwomba kugo aulegeze uzi kabisa, hadi uwe kama kamba ya nguo, halafu aupange upya. Hakuutazama uma. Aliimba mstari mmoja chini kwa chini, akakaza, akasikiliza, akakaza tena. Nilihesabu upya: 7. Akalegeza mara ya tatu, akapanga tena: 8, na nadhani kosa lilikuwa la kuhesabu kwangu.

Nilibaki nimeduwaa na chuma changu mkononi. Mzee ambaye nilidhani masikio yake yamechoka alikuwa na uma wake kichwani, aliopewa na baba yake, nao haujapata kutu. Niliomba radhi kwa ule uzi uliokatika na kwa ile siku. Kugo alicheka, akasema kwamba nyuzi hununuliwa, kisha akanipa kinubi nikishike. Siku hiyo nilijifunza kupanga uzi mmoja tu. Bado tano.

Ndugu msomaji, ukisikia sauti mbili zikigombana, usikimbilie kukata kesi. Hesabu mapigo kwanza, kisha jiulize ni nani aliyekuambia upande upi ndio sawa. Mwakani kwaya yetu itaenda tena kwenye tamasha, na nimekwisha kumwomba mwalimu wa kwaya kinanda kibaki kabatini. Amesema atafikiria. Kugo naye amesema gunia lake liko tayari.